Alama za Mbega Ambazo Hakuna Mtu Aliyezikata

Nyie wajukuu, na wenzenu mtakaosoma haya mmelala chali, simu mmeinyanyua juu ya uso kama mnatafuta tundu kwenye bati, inukeni mkae. Habari yenyewe ni ya mavi ya mbega. Mtacheka. Chekeni sasa mmalize, maana na mimi nilicheka, na nitawaambia ni wapi nilipoacha.

Shule yangu iliishia darasa la nne. Nasoma Biblia, nasoma kitabu cha nyimbo, nasoma mfuko wa mbolea kabla sijaununua. Nilizaliwa upande wa Kikatiti, kwa Wameru, nikaolewa huku magharibi ya mlima, kwa Waarusha, juu kidogo ya pale mji wa Arusha unapochoka kupanda. Nikisimama nyuma ya nyumba yangu asubuhi, juu naona msitu wa Mlima Meru, chini naona mabati ya Elerai yanang'aa. Katikati ni mashamba yetu: mahindi, maharage, kabichi, na ng'ombe mmoja mmoja kwenye zizi lake. Na katikati ya mashamba linashuka korongo.

Korongo hilo ndilo lililoleta maneno. Maji yake ni kidogo, lakini kingo zake zina miti mikubwa, mikuyu na miringaringa na mingine ambayo majina yake nayajua kwa Kimeru peke yake. Ni mstari mwembamba wa miti. Kichwa chake kimeshika msitu wa mlimani, mkia wake unaishia kwenye msitu mdogo wa ukoo ambao wazee walikataza usikatwe tangu kabla sijaja kuolewa. Ndani ya msitu huo mdogo wanakaa mbega. Kwa mtu asiyemjua mbega, ni huyu: nyani si nyani, tumbili si tumbili, mweusi, manyoya meupe marefu yamemshuka ubavuni kama shuka, mkia mweupe mzito. Hali mahindi yangu, anakula majani yake. Kukipambazuka dume linanguruma kama pikipiki inayokataa kuwaka. Kwa sauti hiyo nimeamka tangu nikiwa bibi harusi.

Kipande cha korongo kinachopita kwetu, marehemu mume wangu alimgawia mwanangu wa mwisho. Mwanangu huyu anauza vipuri vya pikipiki Kaloleni. Yeye na mke wake na watoto walikuwa wanalala chumba kimoja cha kupanga hukohuko, kitanda na jiko vimetenganishwa na pazia. Alitaka kujenga nyumbani. Ni haki yake, baba yake alimpa mbele ya watu. Alichokusudia ni kuangusha miti yote ya kipande chake, asawazishe kingo, asimamishe nyumba kabla mvua za masika hazijaanza. Alishaongea na mtu mwenye chenso, ule msumeno wa mashine.

"Yeyo," aliniambia, na hivyo ndivyo watoto wa huku wanavyomwita mama, "mti hauzuii mvua isimnyeshee mtoto wangu."

Nilimwambia anywe chai.

Ndipo akaja mjukuu wangu wa kike, binti wa mwanangu wa kwanza, anayesoma chuo mambo ya wanyama wa porini. Alikuja na sanduku ambalo hakutaka mtu alibebe. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuwa amekaa kwenye kibaraza akinoa panga, kazi yake kubwa tangu azeeke.

"Shikamoo koko. Shikamoo babu."

"Marahaba," nikasema, maana koko ndiyo bibi kwa lugha ya huku. "Sanduku la nini?"

"Vichupa, koko. Nakusanya mavi ya mbega. Nina kibali cha kuingia msitu wa juu, na huu wa chini nimekuja kuwaomba ninyi."

Shemeji akaliweka panga chini. "Tumeuza madume ya ng'ombe usome, kumbe ni shahada ya mavi!"

"Ukinipa ya kwako babu nitapima pia."

"Ya kwangu huwezi. Yana heshima zake."

Utani wa babu na mjukuu hauna kesi, nikawaacha. Lakini kulipopambazuka nilimfuata msituni, kwa sababu binti haingii korongoni peke yake mimi nikiwa hai. Nilimkuta amesimama chini ya mkuyu ambao mbega walikuwa wamelala juu yake, amevaa glovu na kitambaa cha pua, anangoja. Wanyama hao wakiamka, kabla hawajaanza kula, wanajisaidia wote, na wewe usiposogea pembeni utaoga. Wakaondoka. Nikainama nimsaidie kuokota.

"Usiguse koko!"

Nikasimama wima. "Mimi niliyekuosha wewe, leo mikono yangu ni michafu?"

"Si michafu koko. Ina wewe ndani. Ukigusa, mashine itakusoma wewe badala ya mbega."

Hapo ndipo nilipoacha kucheka.

Nilimwuliza ana maana gani, mikono yangu ina mimi ndani. Akanieleza huku anatia punje kwenye kichupa chenye spiriti. Akasema chakula kikipita tumboni kinakwangua utumbo, kinaondoka na chembe ndogo za mwili zisizoonekana. Kila chembe imebeba vinasaba, yaani urithi wote wa mnyama, ulioandikwa kwa herufi nne tu, zikipangwa na kupangwa tena, nusu kutoka kwa mama, nusu kutoka kwa baba. Akasema hata mtu ni hivyo. Hata mgomba.

Nimemsikia mchungaji akisema kwamba nywele za vichwa vyetu zimehesabiwa. Nilikuwa naitikia amina kama watu wengine. Asubuhi ile nilisimama chini ya mti, nguo zangu zimeloa umande, nikamwangalia mbega mmoja jike ameketi na mtoto mweupe kifuani, maana watoto wao huzaliwa weupe wote, nikawaza kwamba kilichomwanguka huyu bila kuona haya kina mama yake ndani, na mama wa mama yake, mpaka kule ambako hapakuwa na Mwarusha wala Mmeru wa kumwona. Nikakaa kwenye mzizi.

"Sasa wewe unatafuta nini humo?" nikamwuliza.

"Nataka kujua kama mbega hawa wa chini na wale wa mlimani ni watu wa jamii moja. Wanatembeleana, au wamekatika."

"Na utajuaje? Utasoma maandishi yote?"

"Sina uwezo wa kusoma yote. Nachagua alama chache. Kuchagua ndiyo kazi yenyewe, koko." Akafikiri kidogo. "Baba yake babu alitambuaje ng'ombe wake?"

Hilo nililijua, kila mtu wa huku analijua. Nikamwambia paja la ng'ombe lilichomwa chapa ya ukoo. Sikio lilikatwa pengo la nyumba, kila nyumba na ukataji wake. Halafu kila ng'ombe alikuwa na rangi yake na jina lake.

"Kama ng'ombe wa boma jingine la ukoo huohuo ameingia kwenye zizi lenu, ungeangalia wapi?"

"Sikio."

"Kwa nini usiangalie paja?"

"Paja ni ukoo mzima, wote wako sawa, utaambulia nini?"

"Na rangi?"

"Rangi itaniambia huyu ni yeye na yule ni yule. Ndama hachukui rangi ya boma."

Akasema basi na vinasaba ni vivyo hivyo. Kuna sehemu zinabadilika polepole mno. Ukizisoma utaona mbega wote wa hapa na wa mbali wamefanana, kama chapa ya paja. Kuna sehemu zinabadilika upesi kiasi kwamba kila mmoja ana yake, wala hutajua nani ni wa wapi. Mtu anauliza kwanza swali lake, halafu ndiyo anatafuta alama inayolijibu. Ukikosea alama, utapata jibu zuri la swali ambalo hukuuliza.

"Ila kuna tofauti moja na masikio ya ng'ombe," akasema. "Masikio yalikatwa na mtu."

"Na hizi?"

"Hakuna mtu aliyezikata koko. Zipo tu."

Tukarudi nyumbani, mimi natazama viganja vyangu njia nzima. Mkamwana wangu mkubwa aliniuliza kama naumwa.

Akakusanya chini, akapanda na askari wa msitu akakusanya juu, akaenda zake. Alisema ataanza na alama ya mama. Iko alama ambayo inatoka kwa mama peke yake, baba haiweki kabisa, na kwenye kila chembe ya mwili ziko nakala nyingi za alama hiyo. Ndiyo maana kwenye mavi yaliyopigwa jua unaipata kwa urahisi. Zile za mama na baba kwa pamoja ziko jozi moja tu kwenye chembe, zinaoza upesi, zinasumbua. Nikamwelewa. Hata mimi naanza kuvuna mahindi ya karibu na njia.

Wakati huo mwanangu akazidi kusukuma. Kila akija Jumapili anatembea korongoni anapima kwa hatua, anafunga kamba nyekundu kwenye miti itakayoanguka. Nilimwambia amngoje mtoto wa kaka yake amalize. Akasema, "Yeyo, nitangoja mbega wasome mpaka wahitimu?"

Mjukuu akarudi Jumapili moja baada ya ibada. Tulikuwa tumekaa wote, tunakula loshoro, yaani mahindi na maziwa mgando, shemeji yupo, mwanangu yupo na mke wake, Mchaga wa Machame, mwanamke mtulivu anayejua kuangalia. Mjukuu akaanza na kichekesho. Akasema vichupa vyote vimesomeka isipokuwa kimoja cha msitu wa chini; mashine imesema huyo si mbega.

"Ni nani?" akauliza shemeji.

"Ni mbuzi, babu."

Tukamgeukia sote. Ni yeye anayefunga mbuzi wake chini ya ule mkuyu ilhali amekatazwa.

"Mbuzi wa nani, hiyo mashine imesema?" akauliza, na sisi tukacheka mpaka mwanangu akapaliwa.

Halafu akasema jibu lenyewe. Kwa alama ya mama, mbega wote aliowapata msitu wa chini ni uzao wa mama mmoja wa zamani, na alama hiyo mlimani hakuikuta. Na za mlimani huku chini hakuzikuta. Wametengana, na wametengana zamani sana.

Mwanangu akaweka kijiko chini. Akasema polepole, bila ubaya: "Kwa hiyo hawapiti korongoni."

"Hawapiti," akasema shemeji. "Boma lisilotoa mchumba kwenda boma jingine, hata njia haina haja ya kuwapo."

Na mimi, niwaambie ukweli, kichwani nilikubali. Angalieni tulivyofikiri. Huku kwetu anayehama ni mwanamke. Mtoto wa kiume anazikwa alipozikwa baba yake. Mimi mwenyewe nilitoka Kikatiti na sanduku la bati kichwani, mkamwana katoka Machame, binti zangu wametawanyika. Kama hakuna mwanamke aliyewahi kuvuka kati ya boma na boma, basi hakuna aliyevuka, ni watu wasiojuana. Hatukuona haja ya kuuliza zaidi. Miti ile haikuwa njia ya mtu. Mwanangu akatoa simu hapohapo kumpigia mwenye chenso aje wiki ile.

"Baba mdogo, subiri," akasema mjukuu. "Mbega si Waarusha."

"Nani kasema ni Waarusha?"

"Nyie wote mmesema sasa hivi." Alikuwa amesimama, na kumkatalia baba mdogo mbele ya wazee si mchezo. "Kwa mbega mwanamke habanduki. Anakaa na mama yake na mama zake wadogo, na hukohuko anazalia. Anayehama ni mwanaume. Dume likikua linafukuzwa na baba, linaondoka kwenda kutafuta kwingine."

"Basi lingeonekana kwenye alama zako," akasema mwanangu.

"Haliwezi kuonekana kwa watoto wake. Limebeba alama ya mama yake, lakini haliwapi watoto. Watoto wanachukua ya mama yao. Dume litoke mlimani, lifike hapa, lizae, lijae wajukuu, kwa alama hii utasema hakuna aliyekuja. Labda niokote mavi yake mwenyewe, na sikuokota ya kila mbega."

"Kwa nini basi ulichagua alama hiyo?"

"Kwa sababu ndiyo ilikuwa rahisi kuisoma. Inajibu wanawake wamekaa wapi. Haijibu nani anapita." Akanywa maji. "Nahitaji zile za pande zote mbili."

Mwanangu akauliza itachukua muda gani. Akasema mpaka karibu na masika. Mwanangu akacheka kicheko kisicho na furaha. "Masika ndiyo nilitaka yanikute chini ya bati langu."

Walitazamana wale wawili, na mimi niliwaonea huruma wote. Huyu anataka mlango wa watoto wake. Huyu anajua kwamba miti ikiangushwa halafu jibu likaja, jibu halitasimamisha mkuyu. Mke wa mwanangu ndiye aliyesema: "Baba watoto, tumelala nyuma ya pazia mvua ngapi? Na hii moja itatuua?" Mwanangu akarudisha simu mfukoni. Kamba nyekundu zilibaki kwenye miti.

Kabla hajaondoka nilimvuta mjukuu jikoni. Kulikuwa na neno linanikera. Nikamwuliza, kama ungechukua mate ya watu wa kilima hiki, kwa ile alama ya mama, mimi ningeonekanaje?

"Mgeni, koko. Wewe na wakamwana zako wote. Kila mmoja na ya kwake, mtaa mzima mchanganyiko. Ila kuna alama ya baba inayopita kwa wanaume tu. Kwa hiyo, wanaume wa hapa wangeonekana nyumba moja."

"Na alama yangu mimi, ya mama yangu, umeibeba wewe?"

Akasukuma kuni moja motoni. Halafu akasema, "Hapana koko. Ile ninayo ya mama yangu. Yako aliipata baba, kwa baba imeishia."

Nilikuwa nimeshika mwiko. Niliendelea kuushika. Mtoto niliyemwosha, niliyemfunga mgongoni kwenye mtaro wa kabichi, hana alama yangu.

"Hiyo moja tu koko," akasema upesi, na akanishika mkono, safari hii bila glovu. "Ile ni sehemu ndogo mno. Kwenye maandishi mengine yote, karibu robo yangu ni wewe. Ndiyo maana nakwambia huwezi kuangalia alama moja ukasema umemwona mtu."

Nimeishi muda mrefu, nimezaa, nimezika. Sikuwahi kuambiwa kitu kikubwa namna ile jikoni kwangu, sufuria inachemka. Robo yake ni mimi. Ameondoka nayo mji mwingine, anapanda nayo ngazi za chuo, anaitia kwenye viatu vyake asubuhi, na mimi huku napalilia.

Alirudi wakati mawingu yameanza kufunga kilele cha Meru. Tulikaa tena walewale. Akasema zile alama mpya alizochagua ni sehemu ambazo herufi chache zinajirudia, na akaangalia mkufu wangu wa shanga. "Kama hapo koko: nyeupe nyekundu, nyeupe nyekundu. Kuna mbega amerudia mara nyingi, mwingine mara chache. Kila mmoja ana nyuzi mbili mahali palepale, mmoja wa mama, mmoja wa baba." Akasema kwenye mavi uzi mmoja hupenda kujificha, ukadhani mama na baba wamefanana kumbe mashine haikuona vizuri, kwa hiyo kila kichupa alikipima na kukipima tena.

"Kama shahidi mlevi," akasema shemeji. "Unamwuliza mpaka maneno yalingane."

"Ndivyo, babu."

Akafungua kompyuta yake, akaigeuzia kwangu. Nilidhani nitaona namba, kumbe niliona kitu kama shuka la mistari. Kila mstari wa kusimama ni mbega mmoja, akasema. Bluu ni mlimani, nyekundu ni msitu wetu. Upande wa kushoto bluu tupu. Upande wa kulia nyekundu, nyekundu, nyekundu. Hata asiyesoma angeona. Nikaona moyo wa mwanangu unapoa kwa furaha, maana lilikuwa jibu lilelile.

Kisha nikaona, katikati ya nyekundu, mistari kadhaa iliyokatika katikati: nusu nyekundu, nusu bluu.

"Hawa ni kina nani?"

"Watoto, koko. Mama zao ni wa hapa. Nusu nyingine ni ya mlimani."

"Na baba yao?"

"Hayumo kwenye vichupa vyangu. Najua tu kwamba yupo, au alikuwapo."

Nje kuku alikuwa anaita vifaranga. Mtu ambaye hakuna aliyemwona, hajaacha unyayo, hajabisha hodi, na mtoto wa mwanangu anamtaja kwa yale aliyoyaacha ndani ya wanawe.

Kulipopambazuka tulikwenda watatu: mimi, mjukuu, na mwanangu ambaye hakuna aliyemwita. Tulisimama msituni, tukawaacha majike na watoto wao waende. Kwenye mkuyu wa pembeni, pale mstari wa korongo unapoingia msituni, ulio na kamba nyekundu shinani, dume lilikuwa limeketi peke yake. Kubwa, sikio moja limechanika. Likatutazama. Kisha likafungua kinywa likanguruma, na mara hii nilikuwa karibu, sauti ikanipita kifuani kama ngoma ya kanisa. Kutoka mlimani, mbali, mwingine akaitikia.

Mwanangu alivua kofia. Sijui kwa nini alivua.

Mjukuu akaokota kilichoanguka. Jibu la kichupa kile lilikuja baadaye kwa simu, picha ya mstari mmoja, bluu kutoka chini hadi juu. Na kwa ile alama ya mama, alikuwa na mama wa mlimani. Nilimwuliza mjukuu kama sasa ana hakika dume lile lilipita korongoni kwetu. Akasema, "Sikumwona akipita koko. Alama zinaniambia alikotoka, hazinionyeshi njia. Lakini mbega anatembea kwenye miti. Angalia mwenyewe, miti mingine iko wapi?"

Niliangalia. Kulia kabichi. Kushoto mabati na mbwa. Katikati mstari mmoja mwembamba unaopanda mpaka kwenye ukungu, na kipande chake kimoja kina kamba nyekundu.

Nikamfikiria yule jike huko juu aliyemzaa. Kijana wake aliondoka akiwa na alama yake, akavuka mashamba yetu juu ya vichwa vyetu, labda siku ambayo mimi nilikuwa chini yake naosha sufuria, akaja kuanza maisha kwenye nyumba isiyomjua. Hiyo safari ninaifahamu. Mimi nilikuwa na sanduku la bati na wasindikizaji.

Lakini mkuyu haufuniki watoto wa mtu, hilo mwanangu alisema kweli na linabaki kweli. Nilizunguka nyumba yangu nikiangalia ardhi. Nyuma ya jiko kuna migomba yangu. Machipukizi yake nilipewa na mama mkwe mwaka niliofika, ndiyo mali ya kwanza niliyoitwa mwenyewe. Pale ni tambarare. Nyumba inakaa.

Niliwaita wote jioni, kabla jua halijazama. Mwanangu alipofahamu ninakoelekea akasema, "Yeyo, hapana. Migomba ya bibi?"

"Chipukizi linabebeka," nikamwambia. "Mkuyu haubebeki."

Nikamgeukia mke wake. "Wewe unataka nyumba itazame wapi?"

Akasema, "Mama, mimi nataka mlango wangu tu. Popote utakapotazama nitaufungua."

Basi nikasimama nikatoa amri, na amri hiyo ipo mpaka leo, asije mtu kuniambia hakuisikia:

"Kesho asubuhi mng'oe migomba yangu, msingi uchimbwe pale. Machipukizi nitayapanda mwenyewe, kila mtu alete debe la samadi. Mwenye chenso apigiwe simu asije. Kamba nyekundu zote zifunguliwe, na ile ya kuanikia nguo iliyofungwa kwenye mkuyu nayo. Mbwa wafungwe mpaka jua litoke. Atakayemwona mbega anapita korongoni asimpigie kelele, asimrushie jiwe, asimpige picha; asimame kando, apishe. Na wewe shemeji, mbuzi wako ondoa pale sasa hivi, nimekaa hapa naangalia."